Majina Nyuma ya Picha

Katika chumba cha Historia nilimofundishia kwa miaka mingi palitundikwa picha ya msafara wa watumwa. Msomaji wa rika langu ataikumbuka, maana kwa sura moja au nyingine tuliikuta katika vitabu vingi vya shule. Msururu wa watu unapita porini, shingo zao zimebanwa kwa panda za miti, na mbele yao mtu wa msafara ameinua silaha juu ya mateka aliyeshindwa kutembea. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi iliyokuwa ndani ya uwanja wa chuo cha ualimu, na pia nilipewa vipindi vya kuwafundisha wanachuo matumizi ya zana. Picha hiyo ilikuwa zana yangu niliyoipenda kuliko zote. Niliiita ushahidi.

Siku moja, katikati ya miaka ya themanini, mwanachuo mmoja aliyekuwa mnyamavu alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, aliyepiga picha hii alisimama wapi?" Nikamjibu kwamba ile haikuwa picha ya kamera bali mchoro. Akasema, "Haya, aliyechora alisimama wapi?" Darasa likacheka. Nikamwambia akae chini tuendelee na somo.

Sikumjibu kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ningependa kumpa, ingawa sijui yuko wapi. Aliyechora alikuwa Uingereza, mbele ya meza, na pori lile hakuwahi kuliona.

Mchoro huo ulitokea katika kitabu cha shajara za mwisho za David Livingstone, kilichochapishwa London mwaka 1874. Livingstone alikuwa amefariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Maandishi yake yalihaririwa na rafiki yake, Kasisi Horace Waller, mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa. Enzi hizo mitambo ya kuchapia vitabu haikuweza kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Kilichofanyika ni hiki: fundi alichukua maneno ya msafiri, au mchoro wake wa penseli, akachora upya kwenye kibao kigumu, na fundi mwingine akakichonga kibao kwa patasi nyembamba hadi mistari ikabaki imeinuka. Kibao kikapakwa wino, kikagandamizwa kwenye karatasi. Kwa hiyo baina ya jicho la Livingstone na jicho la mwanafunzi wangu palikuwa na mikono miwili mitatu, na kila mkono uliongeza chake.

Nisieleweke vibaya. Utumwa ulikuwapo, misafara ilikuwapo, na watu waliuawa njiani kwa kushindwa kutembea. Livingstone mwenyewe aliandika juu ya maiti alizozikuta zimefungwa kwenye miti. Atakayechukua maneno yangu na kusema kwamba mambo hayo yalitungwa atakuwa amenisingizia. Ninachosema ni kwamba mchoro ule ulikuwa na kazi maalumu. Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha baharini, lakini misafara ya nchi kavu ilikuwa bado inaendelea, na marufuku yake ilikuja mwaka 1876. Kitabu kilitaka kumfanya msomaji wa Uingereza atoke kitini. Ndiyo maana kila kitu mchoroni kimepangwa kama jukwaani: mwovu mbele, mnyonge magotini, wengine nyuma wanatazama. Hakuna hata sura moja ambayo ungeweza kusema hii ni ya fulani. Ni mchoro wa kitendo, watu hawamo.

Nilijua tofauti hiyo nilipoziona, nikiwa tayari nimestaafu, picha za manowari ya Kiingereza iliyoitwa Daphne. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha kwenye kompyuta yake. Picha hizo zinatunzwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, kule Kew, London. Tarehe 1 Novemba 1868 manowari hiyo, ikiongozwa na Kapteni George Sulivan, ilikuwa imewachukua watumwa kutoka kwenye jahazi moja, na wakapigwa picha wakiwa wamekaa sitahani. Wengi ni watoto na vijana. Mbavu zinahesabika. Magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja.

Hakuna silaha iliyoinuliwa wala panda shingoni. Hawa ni watu waliokwisha kutolewa hatarini, wamekaa tu. Hata hivyo nilipoitazama nilishindwa kusema neno kwa muda, jambo ambalo mchoro wangu wa ukutani haukuwahi kunifanyia katika miaka yote ile. Sababu nimeitafuta, nami nadhani nimeipata. Mchoroni mtumwa anamtazama mwenye silaha, kwa hiyo wewe unatazama mchezo wa watu wengine. Sitahani baadhi ya watoto wanaitazama kamera, maana yake wanakutazama wewe. Wanauliza swali, nalo silo lile la "je, utumwa ni mbaya?" ambalo jibu lake kila mtu analijua. Wanauliza, "Unanijua?" Nasi hatuwajui.

Hata picha hizo hazikuachwa zilivyo. Mwaka 1873 Kapteni Sulivan alitoa kitabu juu ya kuyafukuza majahazi katika maji ya Unguja, na picha zikapita tena chini ya patasi ya fundi ili ziweze kuchapwa. Patasi haikati mfupa na kivuli kwa namna ileile ya kioo cha kamera. Yeyote anayefundisha Historia ningemshauri, akipata nafasi, aweke picha na mchongo wake mbele ya wanafunzi, bega kwa bega, awaulize kimepotea nini. Kipindi kizima kitakwisha bila yeye kufungua kitabu.

Wala kamera nayo si malaika. Katika miaka ile ya 1860 kioo kilipakwa dawa ya majimaji, kikatiwa ndani ya kamera kabla hakijakauka, na mtu alitakiwa atulie kwa sekunde kadhaa asitikisike. Ndiyo sababu babu zetu katika picha za kale wanaonekana wakali kama mahakimu. Vijana wa leo hudhani wazee wale hawakuwa watu wa kucheka. La hasha, waliambiwa tu wasisogee. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1888, kampuni ya Kodak ilipotoa kamera ndogo ya ukanda wa filamu. Tangu hapo kila ofisa, kila mke wa ofisa na kila mwindaji wa tembo aliweza kujipigia picha zake, na kila mmoja akarudi kwao na albamu.

Albamu hizo ndizo ninazotaka tuzitazame pamoja, ndugu msomaji, kwa kuwa nyingi sasa zimo katika hifadhi kubwa ambazo mtu aweza kuzitembelea bila kutoka nyumbani. Moja ni mkusanyiko wa Mwingereza Humphrey Winterton, aliyetumia miaka mingi kununua picha za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960. Mwaka 2002 mkusanyiko wake uliingia katika maktaba ya masomo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, Marekani. Zimo picha 7,610, zilizo katika albamu na mafungu 75. Nyingine ni Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, zilizo Koblenz, ambazo Desemba 2008 zilitoa takriban picha 80,000 zitazamwe na kutumiwa bila malipo. Humo zimo kazi za Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam wakati wa Wajerumani.

Kwanza nitoe sifa panapostahili. Kazi ya watunzaji hao ni kubwa na inanufaisha. Nitatoa mfano mmoja. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sisi sote tuliizoea ikiwa na mnara wa saa katikati ya uso wake, hata tukadhani ilizaliwa nao. Picha za zamani zinaonyesha vinginevyo. Mnara ulisimama peke yake, mbele, upande wa bahari, na jumba lilikuwa na roshani tu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipolipiga mizinga eneo la kasri katika vita vilivyomalizika chini ya saa moja, mnara ule uliharibika, na ulipojengwa mwingine ukaunganishwa na jumba lenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi akipewa picha isiyo na tarehe anaweza kusema mwenyewe: mnara umesimama mbali na jumba, basi ni kabla ya vita, mnara umo usoni mwa jumba, basi ni baada yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka na kuua mafundi wawili, picha za kale ziligeuka kuwa kitu cha lazima, kwani aliyepewa kazi ya kujenga upya lazima ajue nguzo zilikaaje.

Sifa nyingine ni kuziacha albamu katika mpangilio wa wenyewe, na maneno waliyoyaandika chini ya picha kuyanakili yalivyo, hata yale ya kuudhi. Baadhi yetu tungependa maneno hayo yafutwe. Mimi sikubaliani. Neno la dharau lililoandikwa kwa mkono wa mwenye albamu ni ushahidi kama picha yenyewe, na pengine ni ushahidi bora, kwa sababu hakujua kama mimi na wewe tutakuja kulisoma.

Sasa lawama. Fungua albamu za namna hii, moja baada ya nyingine, usome maelezo. Ofisa ana jina na cheo. Mkewe ana jina. Mara nyingi farasi ana jina, na mbwa ana jina. Lakini yule aliyeshika hatamu ya farasi ni "boi", waliobeba hema ni "wapagazi", aliyebeba mtoto wa Kizungu mgongoni ni "yaya", na mwanamke aliyesimama mlangoni amejifunga kanga ni "mwanamke wa Kiswahili" au ni kabila lake tu. Picha za studio za Unguja ziliuzwa kama kadi za posta. Mtu alikalishwa, akavishwa, akawekewa mandhari nyuma yake, kisha akasafiri Ulaya kwa stempu bila jina lake.

Tena kuna yasiyopigwa kabisa. Kadi za Dar es Salaam ya Wajerumani ni nzuri kwa macho. Barabara imefagiwa, miti imepandwa kwa mstari, askari wamejipanga sawasawa. Miaka ya 1905 hadi 1907 kusini mwa nchi hiyohiyo palikuwa na vita vya Majimaji, na mashamba yalichomwa kwa makusudi ili watu washindwe kwa njaa. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo. Nimezipitia kadi nyingi za wakati ule na njaa sikuiona. Mfungwa mwenye mnyororo shingoni nilimwona, kwa sababu mnyororo ulikuwa alama ya serikali yenye nguvu na mpiga picha hakuuonea haya. Njaa haikuuzika. Mwenye kusoma picha asitosheke na kilichomo. Ajiulize pia mpiga picha aliipa mgongo sehemu gani.

Kwamba jina linabadili picha tunaweza kuliona waziwazi. Iko picha iliyopigwa Uingereza mwaka 1874, wamekaa pamoja watoto wa Livingstone, Kasisi Waller na Waafrika wawili. Kama maelezo yangesema "watumishi wawili wa Livingstone", tungepita. Lakini majina yao yaliandikwa: Abdullah Susi na James Chuma. Kwa ajili ya majina hayo wawili hawa wana maisha. Tunajua kwamba Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeokolewa kutoka kwa wauza watumwa mwaka 1861. Tunajua Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi. Tunajua wao na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone miezi kwa miezi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwamba Susi baadaye alifanya kazi na Stanley huko Kongo. Kwamba wote wawili walifia Unguja, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Katika msafara ule alikuwamo pia mpishi aliyeitwa Halima. Tunalijua jina lake kwa kuwa Livingstone alilitaja, ila Halima hakupelekwa Uingereza kukaa kwenye kiti mbele ya kamera. Baina ya watu hao watatu, wawili wana jina na sura, mmoja ana jina bila sura. Wale watoto wa Daphne wana sura bila jina. Wapagazi maelfu hawana hiki wala kile.

Hapo ndipo makala yangu ingekwisha kama ningeiandika miaka kumi iliyopita. Ningeilaumu Ulaya, ningepigiwa makofi, nami ningerudi nyumbani nimeridhika. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule, na yapo mawili yaliyonipata ambayo sina budi kuyasimulia.

La kwanza ni la babu yangu. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, na babu alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo waliosomeshwa na wamisionari wa Leipzig, kisha akawa mwalimu, kabla ya vita ile ya 1914. Katika ukoo wetu ilisimuliwa daima kwamba mmisionari alimpiga picha akiwa na wanafunzi wake, na kwamba picha ile ilikwenda Ulaya. Hakuna aliyewahi kuiona. Mwaka 2019 mjukuu wangu aliipata, au alidhani ameipata, katika hifadhi moja ya picha za wamisionari. Walimu sita wa Kiafrika wamesimama mbele ya jengo la shule, wamevaa kanzu nyeupe, miguu mitupu. Mbele yao watoto wamekaa chini. Katikati yuko mmisionari na mkewe, na majina yao yameandikwa. Walimu wameandikwa kwa neno moja, "walimu".

Nilimchagua mmoja, wa pili kutoka kulia, kwa sababu ya paji la uso. Niliona ni paji la baba yangu, na ni langu. Nikaisafisha picha kwa ukubwa wa karatasi nzima, nikapanda nayo mlimani kwa shangazi yangu, kitinda mimba wa babu, ambaye wakati huo alikuwa amekaribia miaka tisini na ndiye peke yake aliyebaki kati ya waliomjua. Nilimwamkia, tukanywa chai, ndipo nikampa. Aliishika kwa mikono miwili karibu na dirisha. Alikaa nayo muda mrefu.

"Shangazi, siye huyu?" nikamwuliza.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi baba nilimkuta ana mvi."

Nikamwonyesha paji. Akasema paji kama lile alikuwa nalo kila mtu wa upande ule. Kisha akaweka kidole, si juu ya mtu yeyote, bali pembeni kabisa, kwenye ukingo wa mfereji wa maji uliopita nyuma ya shule. "Huu naujua," akasema. "Tulichota hapa." Basi. Mahali tulipapata, mtu hatukumpata. Shangazi amekwisha tangulia mbele ya haki, na hakuna tena wa kuulizwa.

Wajukuu wangu walitaka tuitie picha fremu tuandike chini yake jina la babu. Nilikataa. Nimewafundisha walimu kwa miaka mingi kwamba usiandike usilolijua, siwezi kulivunja hilo kwa ajili ya ukuta wangu. Lakini kukataa kuliniuma, na nikiwa kwenye gari narudi kutoka mlimani nilimkumbuka mtu mwingine aliyewahi kuwa mahali pangu, mimi nikiwa mahali pa hifadhi.

Ndilo jambo la pili. Katika shule niliyoiongoza kulikuwa na desturi ya zamani. Kila mwisho wa mwaka mpiga picha alitoka mjini na kamera yake ya sanduku la mbao, miguu mitatu na kitambaa cheusi, akawapanga darasa la mwisho kwenye ngazi za ukumbi. Nakala moja ilibaki ofisini. Karani wetu wa kwanza, mtu wa hati nzuri, aligeuza kila picha akaandika nyuma yake kwa penseli majina yote: waliokaa, kutoka kushoto, waliosimama mstari wa kwanza, waliosimama nyuma. Makarani waliomfuata waliendelea hivyohivyo. Ziliwekwa ndani ya sanduku la bati, stoo.

Mwaka 1993 tuliarifiwa kwamba tungepata ugeni wa wakaguzi. Niliamuru stoo isafishwe. Sanduku lilipofunguliwa lilikuwa limeoza chini, mchwa wameingia, picha zimegandana. Kijana wa kazi aliniuliza zifanywe nini. Nilitazama saa. Nikasema, "Choma na zile karatasi nyingine." Zilichomwa nyuma ya jiko la shule mchana uleule, na wakaguzi walipokuja walisifu stoo yetu.

Ilipita miaka tisa au kumi. Asubuhi moja akaja mwanamke wa makamo, amesafiri usiku kucha kwa basi. Aliniamkia kwa heshima, akasema kaka yake alimaliza darasa la saba shuleni kwetu, halafu akaingia jeshini, akafa katika vita vya Kagera. Mama yao alikuwa mgonjwa sana na alikuwa anamwuliza mtoto huyo. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Kuna mtu alimwambia kwamba shule yetu hupiga picha za madarasa na kuandika majina nyuma. "Mwalimu, nimekuja kuiona tu," akasema. "Sitaichukua. Nitatafuta mtu wa kunitolea nakala."

Nilimjibu kwamba mchwa walizila. Haukuwa uongo mtupu, kwani nusu walizila mchwa. Nusu nyingine niliichoma mimi. Alishukuru, akaomba maji ya kunywa, akaondoka kuwahi basi la mchana.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Mmisionari yule alimpiga babu yangu, kama kweli ni babu yangu, asiandike jina lake. Lakini picha ikatunzwa zaidi ya miaka mia moja mahali pakavu, ikapewa namba, na mtoto wa shule akaweza kuifungua akiwa Moshi. Karani wetu aliandika kila jina kwa mkono mzuri, hakuacha hata mtoto mmoja. Nami msomi, mwalimu wa Historia, nikatia moto kwa sababu ya ugeni wa siku moja. Wao walitunza bila majina. Sisi tulikuwa na majina, tukatupa. Sijui ni dhambi ipi iliyo kubwa zaidi, ila ninajua ipi ni yangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi daftari tulikuwa nalo.

Kwa hiyo siku hizi ninaposikia vijana wetu wakidai, na kwa haki kabisa, kwamba hifadhi za Ulaya na Marekani zirudishe picha zetu, ninawaunga mkono, halafu ninawauliza: zirudishwe kwenye stoo ya nani? Siulizi kwa kejeli. Zipo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, zipo Nyaraka za Zanzibar, wapo watu wanaofanya kazi nzuri. Lakini kumbukumbu nyingi za nchi hii hazimo humo. Zimo katika masanduku ya bati ya shule, ya makanisa, ya misikiti, ya vyama vya ushirika, na chini ya vitanda vya mama zetu. Zinamngoja mchwa au zinamngoja mkubwa mmoja mwenye haraka.

Na kwa wale wenye hifadhi ninalo ombi moja. Picha hizi hazitapata majina kutoka kwa wataalamu. Majina yako kwa wazee wa vijiji ambako zilipigwa, na wazee hao wanapungua kila msimu wa mvua. Picha ya shule yetu ya mlimani ingeletwa miaka thelathini mapema, ikiwa imechapwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa miguu nyumba hadi nyumba, huenda wale walimu sita wangekuwa na majina leo, na mimi ningejua kama nilichagua mtu sahihi.

Mimi nimeanza na kwangu. Kila picha iliyomo nyumbani nimeigeuza, nikaandika nyuma yake kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya ukatokea upande wa pili: nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyeshika kamera. Nisiyemjua nimeacha nafasi yake wazi ili mwingine aijaze. Picha ya mlimani nimeitia fremu hatimaye. Nyuma yake nimeandika jina la mahali na jina la mfereji, na nimeandika kwamba aliyeutambua ni shangazi yangu, mwaka 2019. Chini yake nimechora mistari sita mifupi, mmoja kwa kila mwalimu. Bado haina kitu.